Jicho la Kulia la Darubini

Mwanaidi hakuwa na subira ya kufika nyumbani. Kifurushi chake kilikuwa kimeshuka na basi la Dar es Salaam mchana ule, na palepale kwenye kaunta ya ofisi ya vifurushi, stendi ya Mtwara, katikati ya watu wanaogombania maboksi yao, alikata gundi kwa ufunguo wa mlango akaitoa darubini yake mpya. Ilinukia mpira na mafuta ya mashine. Ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia, na umbo lake ni lile la zamani analolipenda, mabega mapana, vioo vya mbele vimeachana kuliko vya nyuma, kwa sababu ndani yake mwanga hupita kwanza kwenye prizimu za Porro, vipande vya kioo vinavyoupindisha, ndipo ufike machoni. Alikuwa mhesabu ndege kwenye mlango wa mto Ruvuma, na mwaka mzima alikuwa akihesabu kwa darubini kongwe ya mradi iliyomwumiza kichwa.

Akaielekeza kwenye tangi la maji ng'ambo ya barabara, akazungusha kigurudumu cha katikati. Jicho la kushoto likaona vizuri. La kulia likabaki na ukungu.

"Nimeuziwa mbovu," alisema.

"Si mbovu, dada. Haijakujua tu."

Aliyejibu alikuwa mwanamume mrefu mwenye shati la drafti lililonyooshwa likanyooka, kalamu mbili mfukoni. Alijitambulisha kuwa ni Hemedi, fundi miwani wa Magomeni ya hapohapo Mtwara, naye alikuwa anasubiri boksi lake la vioo. Akamweleza, bila kuigusa darubini, kwamba afumbe jicho la kulia kwanza aweke sawa la kushoto, kisha afumbe la kushoto na azungushe pete ndogo iliyoko kwenye jicho la kulia peke yake. Mwanaidi akafanya hivyo. Tangi likamjia na kutu yake na misumari yake yote, na kunguru aliyekaa juu ya bomba akaonekana amesimama mbele ya tangi kabisa, waziwazi, kana kwamba angeweza kumnyanyua kwa mkono. Akasahau foleni. Nyuma yake mama mmoja mwenye gunia akamwomba asogee, akasogea huku bado anatazama.

"Macho yako yanapishana nukta mbili," Hemedi alimwambia alipoisoma pete. "Yangu yako sawa. Mimi pete yangu hukaa sifuri."

"Kwa hiyo hii sasa ni yangu peke yangu."

"Mpaka mtu mwingine aizungushe."

Ndivyo walivyoanza. Kila jioni Hemedi alipiga simu akifunga duka, na swali lake la kwanza likawa lilelile, leo umehesabu wangapi. Siku moja Mwanaidi akajibu kuwa ni ndege sululu wa midomo mirefu mia nne na kumi na wawili, ukiacha membe wa baharini.

"Na mimi umenihesabu?"

"Wewe huna mabawa, fundi. Nitakuandika wapi?"

Alicheka sana siku hizo, na yeye mwenyewe alijishangaa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja na talaka moja. Mume wake wa kwanza alioa mke wa pili kimyakimya, na Mwanaidi akaja kuambiwa na muuza samaki mlangoni, mtaa mzima wa Likombe ukiwa umeshajua. Alirudi kwa baba yake na sanduku moja na neno moja moyoni, kwamba hatafichwa tena na mwanamume. Sasa alikuwa anampenda Hemedi, tena anampenda haswa, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Mwezi wa tano kigurudumu cha darubini kikaanza kusaga. Mchanga wa Msimbati, ufuoni anakohesabia ndege, ulikuwa umeingia. Hemedi akaichukua Ijumaa aisafishe, na Jumapili akairudisha inazunguka laini kuliko ilivyotoka kiwandani.

Jumatatu asubuhi Mwanaidi alikuwa kwenye matope ya maji kupwa, buti miguuni, gauni refu juu ya suruali, mtandio umefungwa nyuma ya shingo. Akainua darubini. Jicho la kulia lilikuwa ukungu mtupu. Akaitazama pete, akakuta imezungushwa karibu hadi mwisho. Kwenye mpira wa jicho lile kulikuwa na weusi, akaupitisha kidole. Wanja.

Hakuhesabu ndege hata mmoja. Alihesabu mengine. Hemedi macho yake yako sawa, pete yake hukaa sifuri, tena hapaki wanja. Basi yupo mwanamke aliyeishika darubini hii, akakaa nayo, akawekewa pete sawa na jicho lake kwa mkono uleule wa fundi. Akapiga simu akiwa amesimama matopeni.

"Hemedi, nani ametazama kwenye darubini yangu?"

"Mwana, hilo naomba uniulize wiki ijayo."

"Kwa nini wiki ijayo?"

"Kwa sababu leo siruhusiwi kukwambia. Niamini tu."

"Hilo neno nimeshaambiwa na mwingine kabla yako," alisema Mwanaidi. "Wiki ijayo usipige. Na kesho pia usipige."

Hakupiga. Siku tatu zilipita, na Mwanaidi akagundua kuwa alitaka sana apige. Alilia akiosha vyombo, baba yake akajifanya hakuona.

Alhamisi alasiri, baba akiwa msikitini, mgeni akabisha hodi. Alikuwa mama wa makamo aliyejitanda kanga mpya, mkononi ana mfuko wa korosho za kukaanga. Macho yake yalipakwa wanja mzito, na miwani yake ilikuwa na kioo cha kulia kinene kuliko cha kushoto. Mwanaidi alisimama mlangoni akaikodolea macho ile miwani hata salamu ikachelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni Mwajuma, shangazi yake Hemedi, nimetoka Nanyamba. Ntu uliyemkasirikia ni mimi."

Akakaa mkekani, akaeleza bila kuzunguka. Kwao, barua ya posa haitoki mpaka shangazi amwone binti kwa macho yake, na binti hatakiwi kujua kuwa anatazamwa, ili asijitengeneze. Jumamosi alimwamuru Hemedi ampeleke Msimbati. Kwa mbali hakuona kitu, akavua miwani, akapewa darubini, na Hemedi akamrekebishia pete. Kisha fundi mzima, anayerekebisha macho ya watu kila siku, akasahau kuirudisha.

"Nimekutazama saa nzima ukihesabu na ile darubini kongwe ya mradi," alisema Bi Mwajuma. "Mara ukapiga simu. Simu ya ntoto wangu ikalia hapa pembeni yangu. Akajibu, nikakuona unavyocheka. Nikamwambia twende, nimeshaona."

Mwanaidi aliona aibu, kisha hasira ikaja juu ya aibu, na hakuificha.

"Shangazi, nilifichwa nikaumizwa. Sitaki kufichwa hata kwa jambo la heri. Barua iko wapi?"

"Anayo yeye. Inakwenda kwa baba yako kesho baada ya swala ya Ijumaa, kama bado unamtaka."

Mwanaidi akapiga simu, akaiweka mkekani katikati yao.

"Mwana?" Hemedi alipokea kwa mlio wa kwanza.

"Shangazi yuko hapa, amenieleza. Nisomee barua."

"Hiyo ni ya baba yako. Haisomwi kwa—"

"Nisomee, Hemedi."

Karatasi ikasikika ikifunuliwa. Akaisoma, bismillahi, salamu kwa ukoo, jina lake, kazi yake, na ombi la kumwoa binti yao Mwanaidi kwa ridhaa yake na yao. Kwenye jina la Mwanaidi akajikwaa, akaanza upya mstari ule. Alipomaliza, Mwanaidi alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Nimekubali," alisema. "Na wewe nisamehe. Ulipaswa kuniambia, lakini na mimi nilipaswa kukusubiri."

Bi Mwajuma, aliyekuwa ameanza korosho zake mwenyewe, aliacha kutafuna. Akasema barua lazima iende kesho vilevile, na washenga wakae wasubiri jibu kwa adabu, maana baba mtu akijua kuwa posa imeshajibiwa kwenye simu, korosho zote za Nanyamba hazitamtuliza.

Mwanaidi alisikia hatua za baba yake uani, anarudi kutoka msikitini. Akaikata simu haraka, akausogeza mfuko wa korosho karibu na mgeni.

"Hilo moja," alinong'ona, "tumfiche."