Kopo la Vipuri Vichakavu

Hebu nikuulize wewe unayenisikiliza: umewahi kumwona maiti wa ajali ya pikipiki ambaye kofia yake ngumu haina hata mkwaruzo?

Huyu alikuwa hivyo. Alilala ubavu kando ya daraja dogo la zege, chini kabisa ya mteremko wa machimbo ya mawe. Kofia imekaa sawasawa, mkanda umefungwa kidevuni vizuri, kama mtoto aliyevalishwa na mama yake kwenda shule. Kilichopasuka ni kifua. Kifua kilikutana na ukingo wa daraja, basi, yakaisha.

Inspekta alichuchumaa, akamtazama kwa muda, kisha akamfunika shuka yeye mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vizito na maneno machache.

"Mwendo, afande," alisema Sajini wake. "Ni dereva wa abiria. Vijana wenzake wanamwita Mwewe. Jina lenyewe linatosha kuandikia ripoti."

"Ripoti haiandikwi kwa jina."

Aliyemwona wa kwanza alikuwa mama mmoja mponda kokoto, amekaa juu ya gunia lake, nyundo mapajani.

"Ulisikia nini, mama?"

"Pikipiki inakuja, inalia. Halafu ikanyamaza."

"Ilinyamaza baada ya kugonga?"

"Kabla! Ilinyamaza kwanza, tairi likapiga yowe, ndipo nikasikia kishindo."

"Gari jingine lilikuwepo?"

"Hata kuku hakupita."

Inspekta alirudi juu ya mteremko kwa miguu. Kwenye lami kulikuwa na mstari mmoja mweusi, mrefu, wa tairi la nyuma. Akashuka nao taratibu mpaka kwenye pikipiki. Akaigusa breki ya nyuma: iko huru. Akalisukuma tairi: haliendi. Akaitoa pikipiki kwenye gia, tairi likazunguka kwa ulaini kabisa.

"Sajini, hakukanyaga breki. Injini ndiyo iliyokaza ikiwa mwendoni, ikalishika tairi. Ipelekeni kwa Mkaguzi."

Mkaguzi wa vyombo vya moto wa polisi alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyezoea kuimba akifungua nati. Siku hiyo aliimba mpaka alipotoa silinda, akanyamaza.

"Njoo uone, afande. Pistoni imegandana na silinda. Juu huku pamekauka, pameungua."

"Aliishiwa oili?"

"Thubutu! Oili ipo, tena safi. Lakini imekaa chini imetulia kama mgeni. Haikupanda." Akafungua mfuniko wa ubavuni, akatoa gia ndogo, akaiweka kwenye kiganja cha Inspekta. "Huyu ndiye anayeizungusha pampu ya oili. Tazama meno yake."

Hayakuwepo. Gia ilikuwa laini kama fizi za kibogoyo.

"Yamekatika leo?"

"Ya mwisho mwisho, ndiyo. Lakini yameanza kuliwa zamani. Gia hii fundi haibadilishi kwa kubahatisha. Kila akifungua upande huu anaitazama. Akikuta meno yamechongoka, anaitoa hapo hapo, maana pikipiki hizi hazina taa ya kumwambia dereva kwamba oili haipandi. Atajua injini ikishakaza."

"Na upande huu umefunguliwa karibuni?"

Mkaguzi alipitisha kucha pembeni. "Gasketi mpya, hii ya kuzibia oili isivuje. Na ringi za pistoni mpya, zimepangwa kwa ustadi, siwezi kumkosoa. Mtu huyu ni fundi hasa. Alifungua, akaiona hii, akafunga."

 Inspekta alifunga kielelezo kwenye mfuko, akaenda msibani.

Mama wa marehemu alikuwa chumbani, anakunja nguo za mwanawe. Anakunja shati, analikunjua, analikunja tena.

"Pole sana, mama. Nitakusumbua kidogo. Pikipiki yake ilitengenezwa na nani?"

"Na kaka yake." Akainua uso, na uso ule, pamoja na machozi yote, ulikuwa na fahari kidogo. "Walikuwa hawasemezani, mwanangu. Muda mrefu. Baba yao alipofariki, mkubwa ndiye aliyemlea mdogo, akamfundisha kuendesha, akamnunulia na hiyo kofia. Lakini kila mdogo akitaka kuondoka, mkubwa: subiri, niangalie cheni, subiri, plati za klachi zimeisha. Mdogo akachoka. Akambandika jina, Mzee Subiri, mji mzima ukalidaka. Akahama karakana. Mimi ndiye niliyemlazimisha arudi juzi. Nilimwambia, usipompelekea kaka yako, usinijie hapa."

"Akampelekea."

"Akampelekea. Alikwenda na ringi na gia mpya, akarudi na hili."

Alitoa kopo la maziwa lililofungwa kwa mpira. "Mkubwa ana desturi yake. Akikubadilishia kitu, kile kichakavu anakurudishia mkononi. Anasema mwenye pikipiki ni lazima aone kilichokufa."

Ndani ya kopo mlikuwa na ringi zilizokwisha na gia ndogo yenye meno yaliyoliwa. Inspekta aliitazama gia ile; ya pikipiki yenyewe alikuwa nayo tayari kwenye mfuko wa vielelezo.

"Mbona uso umekubadilika?" aliuliza mama.

"Nitaomba niondoke na kopo hili."

"Mwanangu." Mama alimshika kiwiko. "Nilizaa wawili. Mmoja mmenifunikia shuka. Chochote unachokitafuta, usinichukulie na wa pili."

Inspekta alilipakata kopo, akatoka. 

Mkaguzi alijaribu kuivisha gia ya kopo kwenye shafti ya pampu. Tundu lilikuwa kubwa, gia ikacheza kama pete ya kuazima.

"Hii ni ya injini nyingine kabisa."

"Kwa hiyo ya kwake hakuitoa," alisema Inspekta polepole. "Lakini alipaswa kurudisha kichakavu, ndiyo desturi yake. Angerudisha ringi peke yake, mdogo wake angeuliza. Akaokota gia kwenye vyuma chakavu. Na mpya iko wapi?"

Jibu alilileta Sajini kutoka karakanani. Gia mpya, bado imo kwenye mfuko wake wa nailoni, ilikuwa kwenye droo ya Mzee Subiri, chini ya matambara.

Mzee Subiri hakuwa mzee. Alikuwa mwanamume wa miaka ya arobaini, mikono safi isivyo kawaida ya fundi. Waliketi katika chumba cha mahojiano ambacho kitasa chake kilikuwa kibovu siku nyingi, mlango haufungi. Kwenye benchi la ukumbini alikaa mama yake. Alikuwa amelifuata gari la polisi kwa miguu. Askari walimwambia aende nyumbani, akawatazama tu.

"Huna lazima ya kusema lolote," Inspekta alianza. "Utakalosema litaandikwa."

"Andikeni."

"Ringi uliweka?"

"Mpya. Nilizipanga kwa moyo wangu wote."

"Gia ya pampu?"

Fundi aliinamia mikono yake.

"Mdogo wako aliinunua?"

"Aliileta."

"Uliiona ya zamani imefikia wapi?"

"Niliiona."

"Fundi, wewe ndiye unayewazuia watu kuondoka na cheni iliyolegea. Mji mzima unakucheka kwa hilo. Hii ukaiachaje?"

Mzee Subiri alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Siku moja tu sikusema subiri."

"Kwa nini?"

"Alifika, hakusalimia. Akamwaga vipuri mezani, akasema, 'Weka hivi, na usinipe hotuba, nimekuja kwa sababu ya mama.' Akakaa juu ya tairi, anacheka na simu. Mimi nimepiga magoti mbele ya pikipiki yake, yeye hanioni. Nikaishika gia ile. Nikasema moyoni, haya."

"Ulijua injini itakaza."

"Nilijua itakufa. Nilihesabu itamfia kwenye mlima wa kwenda sokoni, kila asubuhi anaupanda. Mlimani injini inachemka, inakosa nguvu, inazima taratibu, mtu anashuka, anaegesha, anatukana. Sikujua kwamba siku hiyo ataitwa kumfuata abiria machimboni. Sikuuwaza mteremko." Akafuta uso kwa kiganja. "Mimi! Nimewaza cheni za watu wote, mteremko sikuuwaza."

"Kwa hiyo ulitaka kumkomoa."

"Hapana."

"Kumharibia kazi?"

"Hapana, afande."

Mlango ulisukumwa. Mama alisimama pale, mkono kwenye fremu, kanga imemteleza begani wala hajali. Sajini alinyanyuka kumzuia, Inspekta akamwashiria amwache.

Mama hakulia. Alisogea mpaka mezani, akamtazama mwanawe kama anayemtafuta ndani ya mtu mwingine.

"Ulitaka nini?" aliuliza. "Mimi niambie. Ulitaka nini kwa mdogo wako?"

Fundi alimwinulia mama yake uso. 

"Simu niliiweka mezani siku nzima, mama, mbele ya macho yangu. Vifaa nimeshavifunga kwenye mfuko, niko tayari kumfuata. Ikalia. Nikaidaka. Walikuwa polisi."

"Sijakuuliza simu."

"Nilitaka akwame," alisema, sasa analia kama mtoto. "Akwame tu, mahali, aniite. Aseme, kaka, njoo."