Kabari Kwenye Msumari wa Sita

Kila Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, Kwanini alimpelekea baba yake chakula kwenye yadi ya reli. Hilo la Kwanini lilikuwa jina la utani. Wafanyakazi walimpa kwa sababu msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakuwa na breki mdomoni. Kwa nini reli humwagiwa kokoto? Kwa nini gurudumu la treni halina mpira? Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga mabehewa, alijibu hadi akachoka. Mwisho alisema, "Mwanangu, niache nile kwanza."

Jumamosi hiyo hakumkuta baba kibandani. Alikuwa nje akizungumza na dereva wa treni. Kwanini aliweka chakula mezani, kisha akaanza kupanga vitu, maana kibanda cha wanaume watatu, jamani, hakikuwa na mtu wa kukipanga. Alikunja koti, akasogeza vikombe. Ukutani palikuwa na ubao wenye misumari sita. Kwenye misumari mitano zilitundikwa kabari za mbao zenye rangi nyekundu, na mmoja ulikuwa mtupu. Nyuma ya mlango aliona kabari nyingine, kuukuu, imelala sakafuni. Akaipangusa vumbi na kuitundika. Ubao ukapendeza! Siku hiyo, ajabu, hakuuliza kitu. Akatoka kwenda kungoja nje ya uzio.

Baba aliingia, akatupia ubao jicho, akatoka na kupunga bendera ya kijani. Treni ikaanza kuvuta. Mara ukasikika mlio wa chuma uliomfanya Kwanini azibe masikio. Behewa moja liliinuka upande, likaacha reli na kulala ubavu. La pili likalifuata. Mifuko ya saruji ilipasuka, na vumbi likafunika yadi nzima. Kwa bahati njema, hakuna aliyeumia.

Alasiri mkaguzi alifika, mama mfupi mwenye viatu vizito. Alizunguka mabehewa kwa muda mrefu, kisha akaingia kibandani akiwa na vipande vya mbao nyekundu. Kwanini alikuwa amekaa pembeni, karibu na baba.

"Hii ilikuwa chini ya gurudumu," mkaguzi alisema. "Gurudumu limeipanda, ndipo behewa likaacha reli. Hukuitoa?"

"Mama, mimi niliangalia ubao," baba alijibu. "Kabari zote sita zilikuwa hapa. Hata sasa zipo."

Msimamizi wa yadi, aliyeingia pamoja na mkaguzi, alicheka kwa hasira. "Sita zipo hapa, na ya saba imeota chini ya behewa? Bwana wewe, sema tu ulisahau. Kuanzia kesho huna kazi hapa."

Baba aliinamisha kichwa. Kwanini hakuweza kujizuia.

"Samahani, mama. Kwa nini kabari hutundikwa ubaoni?"

"Swali zuri," mkaguzi alisema. "Kabari huzuia behewa lisitembee. Msumari ukiwa mtupu, ujue kabari moja bado iko chini ya gurudumu. Treni isiondoke."

Kwanini aliutazama msumari wa sita. Hakuna aliyemwona akiitundika kabari ile. Akinyamaza, nani angejua? Lakini baba angekosa kazi kwa kosa ambalo halikuwa lake peke yake.

"Mama," alisema, machozi yakimlengalenga, "hiyo ya mwisho nimeitundika mimi. Niliiokota nyuma ya mlango. Nilidhani napanga vizuri."

Mkaguzi aliishusha kabari, akaigeuzageuza. "Ina ufa. Hii ilishakataliwa. Nani aliiacha humu?"

Msimamizi, ambaye kila siku aliitumia kuzuia mlango usijifunge, ghafla alishikwa na kikohozi.

"Bwana, utabaki kazini," mkaguzi alisema, "lakini kwa onyo. Ubao unakumbusha tu. Kabla ya kupunga bendera ilikupasa kuyakagua magurudumu kwa macho yako."

"Ni kweli, mama. Hilo ni kosa langu," baba alisema.

Mkaguzi akamgeukia Kwanini. "Binti, usiguse chombo cha kazi usichojua kazi yake. Uliza, kuuliza si ujinga. Lakini umefanya jambo kubwa. Ungenyamaza, kabari hii ingebaki ubaoni ikituongopea, na siku nyingine behewa lingemwangukia mtu."

Walirudi nyumbani kwa miguu, nguo zao zikiwa na vumbi la saruji.

"Uliogopa?" baba aliuliza njiani.

"Sana, baba."

"Hata mimi. Nilijua tangu mchana kwamba sikukagua magurudumu, nikajificha nyuma ya ubao. Ukweli ni mgumu kwa anayeanza kuusema, mwanangu. Leo umeanza wewe, mimi mtu mzima nikakufuata."