Chupa Chini ya Mchanga

Kondoo wa kufungulia msimu wa uchimbaji alikuwa hajamalizwa kuchunwa pale Wafaa alipotoka shimoni, mchanga umemjaa mpaka kwenye nyusi, akamnong'oneza Kapteni Shukri wa polisi, "Tumeibiwa."

Ilikuwa saa mbili asubuhi, ng'ambo ya mto, magharibi ya Luxor. Mwezi Machi, siku ya kufunga msimu, uchimbaji uliishia kwenye ukuta mzima, shimo likafukiwa. Sasa, mchanga ulipotolewa tena, ukuta ulikuwa na tundu la kupita mtu, na nyuma yake chumba kitupu. Vumbini palibaki alama ndogo ya mraba tu, ya kitako cha sanamu.

Shukri akamkamata Hamdan, mlinzi.

"Funguo za uzio anazo nani? Wewe! Kiangazi kizima alikuwepo nani? Wewe! Sasa unataka nimkamate kondoo?"

"Wallahi afande, mgongo wangu huu haubebi hata gunia la unga!"

Rayyis Bashandi, msimamizi wa wachimbaji, alimshika Hamdan bega, machozi yakimlengalenga. "Tumekula sahani moja miaka yote, afande. Kama kakosa ni shida tu. Mhurumieni."

Wafaa, mkaguzi wa mambo ya kale, alikereka. Utetezi gani huu wa kumkiria mtu kosa ambalo yeye mwenyewe amelikana? Lakini kwanza alikwenda kumhoji Talaat, dereva ambaye alama za matairi ya lori lake zilikutwa kando ya uzio.

"Ulifuata nini huku kiangazi?"

Talaat alijikuna kichwa. "Mchanga, Ustadha. Namjengea mama mkwe. Nilizoa wa nje tu. Shimoni siingii, naogopa mashetani."

"Na mama mkwe humwogopi?"

"Huyo ndiye aliyenituma!"

Wafaa alimwamini. Akamvuta Shukri nyuma ya hema, akatoa chupa ya soda chini ya mtandio wake. "Nimeikuta ndani ya kile chumba, kwenye kona, mdomo chini, imefunikwa jiwe bapa."

"Takataka hiyo."

"Takataka hutupwa, hii imewekwa. Na soma hapa: imetengenezwa Juni. Sisi kila shimo tunalolifunga tunaacha chini kitu cha mwaka huo, ili atakayefukua kesho ajue tuliishia wapi."

"Mwizi gani anaacha alama?"

"Ambaye mkono wake umeshazoea. Nipe mpaka adhuhuri, afande. Na Hamdan asipandishwe gari."

Adhuhuri Wafaa aliwakusanya watu wote. "Msimu umefutwa," alisema. "Rayyis, tufungie shimo."

Vijana waliguna. Bashandi alishuka taratibu, uso umemshuka, chupa yake ya soda mkononi. Alilisawazisha shimo kwa kiganja, akamalizia funda la mwisho, akaisimamisha chupa kwenye kona, mdomo chini, kisha akanyoosha mkono kutafuta jiwe bapa.

Alipoinua macho, Wafaa alikuwa amesimama ukingoni na ile chupa ya chumbani.

"Wengine huacha sarafu, wengine kopo, Rayyis. Mdomo chini na jiwe juu ni mkono wako peke yako."

Bashandi aliitazama ile chupa, akakaa chini mchangani. "Baba ndiye aliyenifundisha," alisema. "Machi niligonga ule ukuta nikasikia uwazi. Mkuu wa uchimbaji akasema tufunge. Na nilishasikia kuwa msimu huu mnaleta msimamizi kijana. Maisha yangu yote nawachimbia watu. Nilitaka hiki kimoja niwe wa kwanza kukiona. Usiku Hamdan akilala, nilichukua funguo."

"Sanamu umemuuzia nani?"

"Kuuza?" Alikasirika kweli. "Yule bibi wa mawe yuko nyumbani kwangu, kwenye mnara wa njiwa. Kila jioni nakwenda kumtazama."

"Na Hamdan? Ungemwacha aozee jela, halafu jioni uende kumtazama mwanamke wa mawe?"

Bashandi alifunika uso.

Saa tisa sanamu ilirudi imezungushiwa blanketi, haina hata mkwaruzo, manyoya ya njiwa yameng'ang'ania nywele zake. Vijana walipiga vigelegele kuwashinda wanawake. Shukri alimfungua Hamdan pingu kwa mkono wake, akamwomba radhi mbele ya wote.

Nyama ilikuwa imeiva, Fatiha imesomwa, na Hamdan akawekewa sahani ya kwanza. Hakuigusa. Alishuka shimoni na mgongo wake mbovu, akaing'oa ile chupa konani na kuirusha juu kwa nguvu zote.

"Nani kasema tumefunga msimu?" alipiga kelele. "Leteni majembe!"