Mkia Haumwachi Mtu

Siku Lifti alipokosekana, jua lilikuwa limewahi kazini kuliko watu wote. Asubuhi ilikuwa bado changa, lakini lami ya barabara ya mzunguko ilishaanza kunata kwenye soli. Wakimbiaji wa kikundi cha Jumamosi waliingia getini mmoja mmoja, vichwa chini, fulana zimegandamana na migongo.

Miwani aliingia mwisho, na ndivyo ilivyopasa. Siku hiyo yeye alikuwa Mkia. Kila Jumamosi mtu mmoja alipewa kazi hiyo: akimbie nyuma ya wote, asimpite yeyote, na aliyechoka atembee naye mpaka getini. "Mkia haumwachi mtu," Kocha alizoea kusema. Kocha alikuwa mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa, na akisema neno, hata wanaume wenye ndevu walisimama wima.

"Wote wamefika?" Kocha aliuliza.

"Wote," Miwani alijibu, mikono magotini. "Nyuma yangu ni vumbi tu."

Alisema hivyo bila wasiwasi, kwa sababu akiwa bado kwenye kona alikuwa ameiona fulana ya rangi ya chungwa ikipita getini. Fulana ile aliijua kama anavyoujua mlango wa kwao. Ilikuwa ya kazini kwa Lifti, mpenzi wake, yenye mistari inayong'aa, na kila Jumamosi ilionekana nyuma kabisa, ikisuasua. Leo ilikuwa imeingia pamoja na wenye mbio zao. Miwani alifurahi, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kinyongo kidogo. Kumbe anaweza bila mimi.

Alichukua chupa ya maji baridi, akanyata mpaka kwenye kivuli cha ukuta, akaibandika kwenye shingo ya mwenye fulana.

"Leo umekula nini, mpenzi? Moto?"

Fulana iligeuka. Ndani yake alikuwa Kinyozi, rafiki yake Lifti.

"Shemeji, usinitongoze hadharani," Kinyozi alisema akicheka. "Mke wangu ana macho kila mtaa."

"Lifti yuko wapi?"

"Atatokea tu."

"Kinyozi. Yuko wapi?"

Kicheko kilimwisha taratibu, kama redio inayoishiwa betri. "Tulibadilishana fulana kabla ya kuanza. Alitaka uione inaingia mapema, moyo wako utulie. Yeye alisema atapumzika kivulini nyuma ya nyumba ya pampu, halafu akate njia aje kama vile alikuwa hapa siku zote. Alisema hofu zako zimemchosha. Samahani, shemeji, ndivyo alivyosema. Ulikuwa mchezo tu."

Miwani hakuungoja mwisho wa maneno hayo. Alikuwa ameshatoka getini.

Nyumba ya pampu ilikuwa karibu na njia, kibanda cha matofali chenye mngurumo usiokoma. Alikuwa amepita hapo muda mfupi uliotangulia, akiimba polepole kujipa moyo. Sasa alizunguka nyuma ya ukuta, na kitu cha kwanza alichokiona ni kiatu.

Lifti alikuwa amelala ubavu kwenye majani makavu. Kivuli alichokifuata kilikuwa kimehama na kumwacha juani. Miwani alimshika uso, akauachia kwa mshtuko. Ulikuwa mkavu, bila hata tone la jasho, na moto kama bati la paa.

"Mpenzi. Mpenzi, nitazame."

Macho yalifunguka, lakini hayakumwona. "Ghorofa ya nne," Lifti alisema kwa sauti nzito. "Mlango haufungi. Waambie wasipande."

"Hawapandi. Hakuna anayepanda. Nishike mkono."

"Waambie wasipande."

Kocha alifika akihema, nyuma yake Kinyozi na wengine wenye chupa. "Maji! Kichwani, kwapani, mapajani! Vueni fulana mzilowanishe! Na wewe binti, usimlilie, mpepee!"

Miwani alimpepea kwa kofia mpaka gari likaja.

* * *

Walikuwa wamekutana kabla joto halijaanza, katika jengo la maduka, siku ya mwisho wa mwezi ambapo watu hukanyagana. Miwani alikuwa akijaribu viatu vya mbio, na kwa kuwa hakuamini kiatu ambacho hajakimbia nacho, alitoka dukani navyo akaanza kwenda mbio ukumbini huku muuza duka akimfuata kwa macho. Mara ya tatu alikigonga kibao cha njano kilichosimama mbele ya lifti iliyoharibika, akaenda chini nacho.

Kutoka kwenye shimo la lifti kilichomoza kichwa chenye vumbi na tochi kwenye paji la uso.

"Dada, hicho kibao umekisoma?"

"Nakisoma sasa hivi. Nimekilalia."

"Kinasemaje?"

"Kinasema 'Hatari'."

"Basi mimi ndiye hatari yenyewe. Umeumia?"

Hakuwa ameumia. Alicheka mpaka miwani ikamtoka usoni. Fundi akaiokota, akaifuta kwa pindo la fulana yake ya rangi ya chungwa, akaichafua zaidi. Aliposikia kwamba kazi ya dada huyu ni kukata vioo vya miwani, alijishika kichwa. "Nimemfutia daktari jeraha kwa tope!"

Jumamosi iliyofuata alijitokeza kwenye kikundi akiwa na fulana ileile, kaptula iliyopigwa pasi ikawa na mstari, na soksi za kwendea harusini. Kikundi kilimbatiza Lifti papo hapo, na hakikuchelewa kutania kwamba ni lifti isiyopanda. Miguu alikuwa nayo mirefu, pumzi hakuwa nayo. Lakini alikuja kila Jumamosi, na jioni alipiga simu.

"Umeshakula, kipenzi?"

"Nimekula. Na wewe umekunywa maji?"

"Nimekunywa mpaka nikitembea nasikika."

Kiangazi kilipokaza, utani huo uligeuka. Jumamosi moja Lifti aliyumba kwenye mteremko, akashika mti, akasema ni kiatu. Siku nyingine midomo yake ilikuwa myeupe. Miwani aliona yote mawili, na hofu ya zamani ikamrudia. Baba yake alikuwa ametoka asubuhi moja kununua mkate, mzima, akipiga mluzi. Alirudishwa amebebwa. Tangu hapo kila mtu aliyetoka nyumbani akipiga mluzi alimtia Miwani baridi.

Alianza kumpigia Lifti asubuhi, mchana, na kabla ya kulala. Umekunywa? Umelala? Kichwa kinauma? Acha kwenda, mpenzi, mpaka joto lipungue.

"Bibie," Lifti alimwambia usiku mmoja kwa sauti ya mtu aliyechoka, "wewe unanipenda au unanilinda?"

"Vyote."

"Chagua kimoja. Viwili pamoja vinanibana."

Miwani alimtakia usiku mwema akakata simu, na Lifti alidhani amekasirika. Ndipo likamjia wazo la fulana.

* * *

Hospitalini walisema joto lilikuwa limeupiga mwili wake ndani, na figo zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Wangemsafisha damu kwa mashine na kusubiri.

Dada yake Lifti, mwanamke mrefu aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini na aproni ya kuoka mikate, alimkuta Miwani kwenye benchi la korido.

"Wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho?"

"Ndiyo."

"Wewe ndiye uliyesema wote wamefika?"

Dada hakungoja jibu. Aliingia wodini na mlango ukajifunga nyuma yake.

Swali lile Miwani alienda nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Kila jioni alitoka dukani, akapita hospitalini, akasimama kwenye dirisha la wauguzi.

"Kitanda cha pembeni kinaendeleaje?"

"Ameamka. Anaulizia watu," muuguzi alimwambia jioni moja. "Ingia basi, saa za kuona wagonjwa bado hazijaisha."

"Hapana. Nimepita tu."

Alikuwa anaogopa mambo mawili. Aliogopa Lifti atakufa. Na aliogopa kwamba akiishi, atamtazama na kuuliza swali lile lile la dada yake. Simu ilipoita na jina la Lifti kuonekana, Miwani aliigeuza kifudifudi juu ya meza. Iliita tena kesho yake. Iliita siku nyingine mbili. Kisha ikanyamaza, na kimya hicho kikawa kibaya kuliko mlio.

Kazini alikata vioo vya bibi mmoja, cha kulia akakiweka kushoto. Mwenye duka alimpa kiti akae.

Siku moja mchana simu iliita kwa namba asiyoijua, akaipokea kabla hajafikiri.

"Usikate," sauti ilisema. Ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake. "Nimeazima simu ya dada. Yangu naona imekuwa na ukoma, hupokei."

Miwani aliingia stoo ya fremu, akafunga mlango.

"Upo?"

"Nipo."

"Sikulaumu ukiniacha. Nilikudanganya, na uongo wenyewe wa kitoto, wa kuvalishana nguo. Lakini niambie kwa mdomo wako. Mwanamume amelazwa na mipira mwilini, unamwacha aulize dari?"

"Nikuache wewe?" Miwani alisema. "Mimi nilipita hapo! Ulikuwa nyuma ya ukuta na mimi nilikuwa naimba. Nikaenda nikamwambia Kocha wote wamefika."

"Uliiona fulana."

"Niliiona fulana, sikuuona uso. Kazi ya Mkia ni watu, si nguo."

"Nguo ile niliitoa mimi ili uione. Ulifanya nilichokupangia ufanye." Alipumzika, pumzi zikasikika. "Nilikusikia ukiimba, unajua? Nilitaka kukuita, ulimi ukawa mzito kama mbao. Nikasema, sasa nitakufa kwa sababu ya kujifanya mzima."

Miwani alikaa chini kati ya maboksi. Alilia bila sauti, ili wateja wasisikie.

"Njoo," Lifti alisema. "Naogopa peke yangu huku."

Hakuwahi kusema neno hilo kabla. Siku zote aliyeogopa alikuwa Miwani, na yeye alikuwa wa kucheka.

Miwani alikwenda na sare ya dukani, bila kubadilisha, bila hata kuchana nywele. Mlangoni mwa wodi alimkuta dada yake Lifti.

Dada alisogea kumpisha. "Muuguzi ameniambia mtu huja kila jioni anauliza halafu anaondoka," alisema. "Siku ile nilikuuliza vibaya. Nilikuwa natafuta pa kuitua hasira. Ingia, wifi. Mwambie ale, mimi hanisikii."

Lifti alikuwa amepungua. Shingo yake ilikuwa kama ya mtoto ndani ya gauni la hospitali, na chini ya taya palibandikwa plasta palipoingia mpira wa mashine. Miwani alisimama upande wa miguuni wa kitanda.

"Unaniogopa mimi?" Lifti aliuliza.

"Nakuogopa sana."

"Mimi nawaogopa ninyi nyote, na mashine ile ndiyo zaidi. Inapolia, nadhani ni lifti imekwama na mimi nimo ndani." Alijaribu kutabasamu. "Kaa. Hapa, si kule."

Alikaa. Mkono wake ulikuwa baridi sasa, na Miwani aliushika kwa mikono yake miwili.

"Sikiliza," Miwani alisema. "Sitakuuliza tena kila saa kama umekunywa maji. Lakini ukijisikia vibaya utaniambia. Siku hiyohiyo. Bila mzaha."

"Hata kama utaogopa?"

"Nitaogopa. Ndivyo nilivyo. Niache niogope kitu ninachokijua."

Lifti alitazama dari kidogo. "Basi nikuambie la leo. Daktari amesema huenda figo zikarudi, huenda zisirudi kikamilifu. Amesema nisikimbie juani tena maisha yangu. Nilikuwa nimepanga kukuomba jambo siku ya mbio zile kubwa, mwishoni mwa kiangazi, mbele ya watu wote, nimepiga goti na medali shingoni. Medali ndiyo basi tena. Na goti silimudu."

"Jambo gani?"

"Nilitaka kukuoa. Ila sasa mwenzako ni mgonjwa, na siwezi kukwambia nitapona. Ukitaka kufikiri, fikiri. Sitanuna."

Dada, aliyekuwa ameingia nyuma ya Miwani na kujifanya anapanga matunda kwenye kabati dogo, aliacha kupanga.

Miwani hakutaka kufikiri. Alikuwa amefikiri siku zote hizo kwenye dirisha la wauguzi. "Nimekubali," alisema. "Na kula hicho chakula, kabla hakijawa barafu."

"Umeanza," Lifti alisema, akachukua kijiko.

* * *

Walifunga ndoa kabla mvua hazijaanza, sebuleni kwa Kocha, bwana harusi akiwa amekaa. Kinyozi alimnyoa bure, na huku akimnyoa alilia, akasema ni sabuni.

Kikundi bado kinakimbia Jumamosi. Miwani hakimbii nacho kwa sasa. Jua likishapoa, yeye na mumewe hutembea taratibu mpaka kwenye kona na kurudi, na kuna siku hawafiki kwenye kona.

Figo zimeanza kazi tena, lakini bado si kama zamani. Jumatatu asubuhi wana kipimo kingine, na Miwani ameshaomba ruhusa kazini.