Niangalizie Pasi

Mama Cherehani, fundi wa nguo, alikuwa na wasiwasi uliomchosha kuliko kazi. Kila akifunga kibanda jioni, akifika njia panda moyo unamdunda: je, pasi ameizima? Anarudi, anakuta imezimwa. Anaondoka, anarudi tena.

"Mama, hiyo pasi si ulale nayo tu!" muuza viatu wa kibanda cha jirani alimtania.

Siku moja, mlango ukiwa umeshatiwa kufuli, alijisemea pale nje, "Hivi nimezima?"

"Umezima," sauti ikajibu kutoka ndani. "Nenda."

Mimi ningekimbia. Yeye alipata nafuu, masikini, akaenda nyumbani moja kwa moja. Kesho yake akauliza tena, akajibiwa. Mazoea yana taabu, jioni moja alichoka, akasema, "Basi nakuachia wewe. Niangalizie."

Tangu hapo majibu yalikuja kabla ya maswali, hata nyumbani. Jiko nimezima. Mlango nimefunga. Harufu ya kitambaa kilichoungua ikamfuata mpaka kitandani. Kisha, akimsuka binti yake, akasikia sikioni: "Na mtoto nimekushikia."

Binti huyo, chiriku wa nyumba, alianza kukauka sauti. Mama akamkimbilia shangazi yake, mganga.

"Umempa kazi, mwanangu," shangazi alinong'ona. "Ubani hautamtoa. Mnyang'anye kazi yake. Funga, ondoka, usiulize, usirudi. Wasiwasi wako ubebe mwenyewe mpaka nyumbani."

"Naogopa, shangazi."

"Ogopa. Ila tembea."

Jioni ile alifunga, akamshika binti mkono, wakaondoka, na harufu ya moshi ikaja nyuma yao, ikazidi, akahisi joto mgongoni, na walipofika njia panda, pale pale alipozoea kugeuka, sauti ya binti yake ikalia kutoka kibandani: "Mama! Umenifungia ndani! Pasi inawaka!"

Akamtazama mtoto aliyemshika. Mtoto alikuwa amefumbua kinywa, machozi yanamtoka, sauti haitoki.

Ee Mungu wangu. Mama Cherehani alilia kama aliyefiwa, lakini hakugeuka. Alitembea na hofu yake yote mpaka mlangoni kwao.

"Mama," binti akasema, kwa sauti yake mwenyewe, "mbona umenibana mkono hivyo?"

Tangu siku hiyo wasiwasi haujamwisha. Hufika njia panda moyo unamdunda, naye huenda nao hivyo hivyo nyumbani. Ule moshi hajausikia tena.

Juzi muuza viatu alifunga kibanda chake, akapiga hatua chache, akasimama akijikuna kichwa.

"Hivi taa nimezima?"

"Umezima," ikajibu kutoka ndani. "Nenda."

Akashusha pumzi, akaenda zake anapiga mluzi.