Pumzi za Kahigi

Mwezi wa saba, kijiji huamka kimejifunika ukungu. Migomba haionekani mpaka jua lipande. Huko Rugu, Bibi Verdiana huamka kabla ya kuku wake, akapuliza moto, akapika uji wa ulezi. Kisha humpakata mjukuu wake Kahigi, wakanywa pamoja, huyu funda, yule funda.

Kahigi alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Baba yake, Novatus, ni kitinda mimba wa Bibi Verdiana. Mama yake ni Joanitha. Siku hizo wazazi walishinda kwenye kahawa, wakichuma na kuanika. Mtoto alikuwa wa bibi. Alimbeba mgongoni, akamwimbia, akamtania kwa kumwita "mume wangu asiyelima."

Baridi ya mwaka ule ilikuwa na meno. Bibi Verdiana aliona nyumba kubwa ya bati haina joto, akahamia jikoni na mjukuu wake. Jiko lilikuwa kibanda cha udongo. Aliziba matundu ya ukuta kwa majani makavu ya migomba. Akafunga mlango, akaacha kisiki cha mti wa kahawa kikifuka mpaka asubuhi. Hivyo ndivyo alivyolelewa yeye, na hivyo ndivyo alivyowalea watoto wake saba.

Siku ya tatu Kahigi akaanza kukohoa. Bibi akampaka samli kifuani, akaongeza kuni. Kikohozi kikazidi. Akaongeza kuni tena. Joanitha aliuliza kwa upole kama moshi haumsumbui mtoto. Bibi akamjibu kwamba hapa Rugu moshi haujawahi kuua kitu, isipokuwa nyuki.

Jumanne asubuhi Kahigi alikataa uji. Alinyonya kidogo, akaacha. Hakulia. Alijilaza tu begani mwa bibi, mwili wa moto kama kiazi kilichotoka majivuni. Bibi Verdiana alimwita "mume wangu" mara tatu. Mtoto hakucheka. Hapo bibi akaogopa.

Novatus alisema Alhamisi kuna gari linalopeleka kahawa mjini Kayanga. Atapanda nalo, ampeleke mtoto hospitali kubwa. Joanitha akauliza kwa nini wasiende zahanati, na ipo hapo chini ya kilima. Novatus akasema zahanati ni ya vidonge vya kichwa, na mwanawe anataka daktari. Kwa siku hizo mbili, mtoto angepewa dawa ya maji ya jirani yao Benitha. Chupa ilikuwa imebaki nusu tangu mwaka jana.

Joanitha hakubishana. Aliteremka shambani kwa Costansia, mhudumu wa afya wa kitongoji chao. Costansia alikuja vilevile alivyo, mikono ikinata utomvu wa kahawa. Alimwamkia bibi, akanawa, akakaa.

"Mshike hivyo hivyo, mama," alimwambia bibi. "Sitaki alie. Nataka kuhesabu pumzi zake."

Alimpandisha shati mtoto, akaweka simu pembeni aione dakika. Kifua kidogo kilipanda na kushuka, kilipanda na kushuka, kama cha kuku aliyekimbizwa.

"Hamsini na nne," alisema Costansia. "Mtoto wa umri wake akifika arobaini kwa dakika, anahema haraka mno. Haya si mafua tena. Hii ni dalili ya nimonia, ugonjwa wa mapafu."

Novatus akasema basi Alhamisi asubuhi na mapema.

"Novatus, wewe unaweza kubana pumzi mpaka Alhamisi?"

Novatus aligeuza ile chupa mkononi.

"Zahanati wana dawa ya nimonia ya watoto," Costansia aliendelea. "Ugonjwa ukiwazidi, wao ndio wanaokuandikia barua na kukuitia gari la wagonjwa. Hospitali kubwa ina mlango, na mlango wake ni ile zahanati unayoidharau. Na hiyo chupa irudishe. Ni dawa ya mtoto mwingine, ya ugonjwa mwingine, tena imeshafunguliwa siku nyingi."

Kisha akachungulia jikoni. Alitoka akifuta macho.

"Mama, nimeingia kidogo tu machozi yananitoka. Mwenzangu huyu ana kifua kidogo kama ngumi. Joto ni zuri, lakini moshi unaumiza mapafu yake."

Bibi Verdiana alimtazama mjukuu wake. "Kumbe ni mimi," alisema.

"Ni moshi, mama. Wewe ulikuwa unampenda."

Walipanda bodaboda, bibi na mtoto katikati, Novatus nyuma, Joanitha akiwafuata kwa miguu. Kahawa ilibaki uwanjani.

Pale zahanati, mganga Aristides alimpima Kahigi na kusikiliza kifua. Akasema ni nimonia, lakini wamewahi. Akawapa vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, asubuhi na jioni, siku tano. Wasiache hata mtoto akionekana amepona. Aendelee kunyonya mara kwa mara, na baada ya siku mbili arudi aangaliwe. Kisha akawataka wamsikilize vizuri. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, wasisubiri hata saa moja. Wamlete hapo hapo, usiku au mchana.

Bibi alimwomba ayaseme tena. Mganga akarudia. Bibi akayarudia yeye pia, akihesabu kwa vidole.

Nyumbani, Novatus alitoboa dirisha katika ukuta wa jiko. Kahigi na bibi yake wakarudi kulala nyumba kubwa, mtoto akiwa na sweta, soksi na blanketi mbili. Siku ya nne alishuka mapajani, akaanza kumfukuza jogoo. Bibi Verdiana alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki mbili baadaye Benitha alikuja mbio na binti yake mgongoni. Mtoto alikuwa na miaka miwili, ana kamasi na kikohozi. Benitha alitaka kujua kama ampeleke Kayanga au ampe ile dawa ya chupa.

Bibi Verdiana aliuliza kama mtoto anakula. Anakula. Anacheza? Anacheza. Mwili una moto? Hauna. Akaomba simu ya Novatus, akampandisha mtoto shati, akahesabu polepole, midomo ikitembea. Thelathini na moja.

"Huyu ni mafua," alisema. "Mvike vizuri, mpe uji na vinywaji vya moto kiasi, mweke mbali na moshi. Chupa itupe. Mhesabie pumzi kesho, na keshokutwa."

"Na hesabu ikipanda, nikuletee wewe?"

"Mimi ni bibi tu, mwanangu. Ikifika arobaini, pita hapa kwangu bila kunisalimia. Nenda zahanati."