Nilimsomea Mume Wangu Hati ya Kiwanja Nilichokwisha Kuuza

Nina miaka arobaini na tisa. Ni fundi cherehani, naishi Batsinda hapa Kigali. Kwa miaka ishirini na mbili niliishi na mwanaume ambaye hakuwahi kunificha hata faranga moja... Leo haishi nami. Tafadhali msimhukumu kabla hamjanisikiliza. Mwenye kosa ni mimi.

Mume wangu anaitwa Faustin, lakini nilimwita Papa Aline, kwa jina la binti yetu wa pekee. Alikuwa seremala kwenye karakana za Gisozi. Alikuwa na desturi ambayo wenzake waliicheka. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa kwanza na kiangazi kinapoanza mwezi wa sita, tukitoka kanisani alifunga mlango na kumwaga mezani karatasi zetu zote. Bima ya afya, kitabu cha benki, akiba ya uzeeni, hati ya kiwanja chetu cha Masaka, pembezoni mwa Kigali. Aliangalia moja moja. Ipi imepitwa na muda? Ipi haina kazi tena? Na mimi nilikaa kando yake nikimenya ndizi, nikimwambia anajisumbua bure.

Kisha kisukari kikamshika, na macho yakaanza kufifia. Kwanza akashindwa kuona vipimo kwenye futi. Halafu sura za watu. Siku aliyojikata kidole kwa msumeno, alifunga karakana na kurudi nyumbani. Hakulia mbele yangu. Ila mwezi wa sita ulipofika alinisukumia ile bahasha akasema, "Mama Aline, sasa wewe ndiyo macho yangu. Soma."

Nikasoma. Wakati ule nilisoma ukweli mtupu... Laiti ningeishia pale!

Ili nimhangaikie benki na hospitali bila kumsumbua, tulikwenda kwa notari, afisa anayethibitisha hati, kuandikisha kwamba naweza kutia sahihi kwa niaba yake. Notari alikuwa mama mwangalifu. Alimsomea karatasi yote, akamuuliza kama anaelewa kuwa kwa karatasi ile naweza hata kuuza mali zake. Mume wangu alicheka! Akasema, "Madamu, huyu nimezaa naye." Akatia sahihi.

Miezi minne baadaye akaja mdogo wangu, Elie. Wazazi wetu walifariki tukiwa Bukoba, na mimi ndiye niliyemlea kabla hatujarudi Rwanda. Nilimbeba mgongoni, ndugu zangu. Nilikuwa nampa chakula mimi nikalala na chai. Sasa alikuwa mtu mzima, anataka kuleta spea za magari kutoka Kampala. Alisema amekwama kidogo tu, amebakiza miezi mitatu, faida ikiingia ananirudishia kila kitu. Akalia. Mtoto uliyemlea akilia mbele yako, utafanya nini?

Ningeweza kumwambia mume wangu. Alikuwa ameketi chumba cha pili! Lakini nilijua angekataa, kwa sababu kile kiwanja ndicho kilichokuwa kimebaki cha jasho lake. Kwa hiyo sikumwambia. Nilichukua ile karatasi ya notari, nikakiuza kiwanja cha Masaka peke yangu.

Elie alizipokea fedha zote, akanikumbatia, akapanda basi. Miezi mitatu ikapita... sita... Simu yake ikawa haipatikani. Mpaka leo sijui yuko nchi gani.

Mwezi wa kwanza ukafika, mume wangu akaomba bahasha yake. Nilikuwa na nakala ya zamani ya hati, nikaifungua nikamsomea. Jina lake, jina langu, ukubwa wa kiwanja. Aliipapasa karatasi kwa vidole, akatabasamu. Nilijiambia ni mara hii tu. Lakini mwezi wa sita nilimsomea tena! Na mwezi wa kwanza tena! Mara tatu nilimsomea mwanaume asiyeona mali ambayo haipo. Je, kuna wizi unaozidi huo?

Sikujua kwamba naye alikuwa na mpango wake. Aliuza mashine zake za karakana ili tuanze kujenga vyumba viwili. Alitaka kunishangaza. Asubuhi moja, nikiwa kazini, alipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, akamwomba dereva amshike mkono hadi kiwanjani, apime kwa hatua zake mahali pa msingi.

Simu yangu ililia karibu saa nne.

"Mama Aline, niko Masaka," alisema. "Nimegusa ukuta. Hii ukuta iko ya nani?"

Niliacha kitambaa kwenye cherehani, nikatoka mbio.

Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye benchi, amepewa chai na wenye nyumba. Walikuwa watu wema, hawakujua lolote. Mwenye nyumba alikuwa ameshaleta karatasi za mauzo kuthibitisha kuwa hakuvamia. Mume wangu alizipokea, akanyoosha mkono kuelekea sauti ya hatua zangu.

"Nisomee," akasema.

Nilisoma mbele ya wale watu. Nilipofika mwisho nikaikunja karatasi.

"Soma na jina la aliyeuza."

Nikataja jina langu...

Hakunipiga. Hakunitukana. Alimshukuru mama mwenye nyumba kwa chai, akamwomba yule dereva wa moto amrudishe. Sikuambiwa nipande. Juma lile lile dada yake alikuja kumchukua. Nilipopiga magoti mlangoni, alisema neno moja tu: "Ungeniambia tu, Konsolata." Kwa miaka yote ile hakuwahi kuniita kwa jina langu.

Sasa Aline ndiye anayemsomea. Mwezi wa sita uliopita nilipeleka bahasha kwa wifi yangu, nikasimama uani kwa sababu sikukaribishwa ndani. Nilimsikia binti yangu akisoma, na baba yake akimwambia, "Rudia." Akirudia, anamwambia tena, "Rudia." Mtoto wake mwenyewe! Alikuwa anatafuta uongo katika sauti ya mtoto wake, kwa sababu yangu.

Wapenzi wasomaji, nawasihi. Kagueni mambo yenu ya fedha kila msimu, lakini mketi wote wawili, na mseme yote. Kama umekosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama utatukanwa. Fedha za kiwanja zimeliwa na ndugu yangu, hilo naweza kulizoea. Lakini mume wangu yuko hai, mwendo wa nusu saa kutoka hapa... na sina tena neno ninaloweza kumwambia akaliamini.